Jukwaa la mtini, kibanda cha chini au mtumbwi: ujifiche wapi kando ya ziwa kabla msimu haujafunguka

Kila ikikaribia Septemba watu wanaanza kuulizana lensi gani, kamera gani, darubini ya ngapi kwa ngapi, wakati swali lenyewe ni moja tu: utaingiaje hapo unapotaka kujificha bila mnyama kujua kwamba kuna mtu kaingia. Ukishindwa hapo hata uwe na lensi ya milioni kumi utaishia kupiga picha za matete. Kwa hiyo ulinganisho huu, wa sisi wapiga picha wa huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, naangalia njia ya kuingilia na upepo kwanza, mambo ya starehe na hela yatafuata.

Niliweke wazi mapema, nazungumzia kamera na darubini. Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, iwe bunduki, upinde au mtego wa waya. Ila ufundi wenyewe wa kujificha mwingi ni wa wale wawindaji wa upinde wa Marekani, wanaosubiri kulungu wa kwao wale wenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka zikaota nyingine. Msimu wao wa upinde majimbo mengi unafunguliwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na jukwaa wanalifunga wiki nyingi kabla, wakati wa joto, wanapunguza matawi yanayoziba mbele, wanasafisha njia ili siku ya siku wasikanyage kijiti kikavu, alafu wanaondoka kabisa pakae kimya. Upinde unataka mnyama afike mita 20, 30 hivi, na kulungu yule kwa pua aliyonayo akishanusa mtu sehemu fulani anaanza kupita pale usiku tu. Sisi huku tuna pongo, yule swala wa vichakani, swala pala wa kisiwa cha Saanane, nzohe, swala wa kwenye matope, ukifika kisiwa cha Rubondo, fisi maji, mamba, na ndege wa kila aina. Na lensi ya mm 400 nayo inakutaka usogee kweli kweli, mtu akuambie ukweli.

Msimu wetu ni upi? Kwa ndege ni kuanzia Oktoba kwenda Novemba, wahamaji wa kutoka Ulaya na Asia wanapoingia, wanakaa mpaka Machi Aprili huko. Kwa hiyo Agosti na Septemba ndo muda wa kuandaa, ardhi imekauka, matete yanakatika vizuri, na vuli haijaanza kukuharibia njia.

Upepo kwanza, maana huu ndo unaoamua

Kando ya ziwa upepo unageuka mara mbili kwa siku na mtu asiyejua hili atajenga kibanda kizuri sana sehemu mbaya. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hivyo kuanzia usiku mpaka asubuhi hewa inatoka nchi kavu inaelekea ziwani. Jua likishapanda nchi kavu inapata moto, na saa 4 saa 5 hivi upepo unageuka, unatoka ziwani unakuja kwako, unakaza mchana mpaka alasiri. Wavuvi wa mitumbwi ya tanga wanaujua huu vizuri, huo wa usiku unawatoa na huo wa mchana unawarudisha. Miezi ya Juni mpaka Agosti kuna upepo wa kusini mashariki unaoweza kuchelewesha hiyo geuka geuka, na ghuba zetu zimejipinda sana, Luchelele sio sawa na Kayenze, Kayenze sio sawa na upande wa Magu, kwa hiyo usikariri dira, pima pale pale.

Kupima ni rahisi. Chukua kichupa cha maji kitupu, toboa kifuniko kwa msumari, weka majivu ya kuni yaliyochekechwa vizuri. Ukiminya yanatoka kidogo kidogo na utayaona yanavyokwenda. Minya usawa wa kifua, alafu chuchumaa minya usawa wa magoti, maana alfajiri hewa ya baridi inatambaa chini kufuata mteremko kwenda majini hata kama juu unaona pametulia kabisa. Majivu ya kifuani yanaweza kuning'inia tu hapo huku ya chini yanateleza kwenye matete, na huko kwenye matete ndiko pua ya pongo iliko.

Sasa ukiunganisha hayo, kanuni inajitokeza yenyewe. Alfajiri, mnyama akiwa ukingoni mwa matete, wewe unatakiwa kuwa upande wa maji. Mchana na jioni unatakiwa kuwa upande wa nchi kavu. Yaani sehemu moja haiwezi kukuhudumia asubuhi na jioni yote, labda uwe unafuatilia ndege peke yake.

Na ndege ni habari nyingine kabisa, furukombe au mdiria hashughuliki na harufu yako, anashughulika na macho. Tena kwa ndege unataka upepo ukupige mgongoni, kwa sababu ndege anaruka na kutua akiutazama upepo, hivyo ukiwa na upepo nyuma yako anakuja uso kwa uso na kamera. Pongo unataka upepo ukupige usoni. Amua kabla hujanunua hata msumari mmoja, unamtaka nani kati ya hao wawili.

Jukwaa la mtini

Hili ndilo vijana wengi wanalitaka kwa sababu linaonekana la kishujaa. Wamarekani wanafunga mita 5 au 6 kutoka chini na kwao lina maana, msitu mnene, mnyama anapita chini, harufu inapita juu juu. Kwetu ukingoni kazi yake nzuri ni moja, kuona juu ya mafunjo. Kama eneo lako lina ukuta wa mafunjo na nyuma yake kuna kidimbwi wanapotua korongo na yangeyange, chini hutaona kitu, inabidi upande.

Matatizo yake sasa. Kwanza kule juu mgongo wako una anga tupu, ukiinua mkono tu furukombe kashakuona yuko nusu kilomita, ni mpaka uwe na majani mazito nyuma yako. Pili picha za juu kwenda chini kwa ndege wa majini huwa hazivutii, bata anaonekana mgongo na maji basi, wakati ukiwa usawa wa maji unapata jicho lake na nyuma panakuwa laini. Tatu, mti mzuri una wenyewe. Mkuyu ukizaa unaleta ndege mpaka raha, ila unaleta na tumbili, na tumbili akikuona anapiga kelele kijiji kizima cha porini kinajua. Mwembe nao una maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani viota, ukishika tawi lao gizani utashuka bila ngazi. Na mti mwingine ni wa mambo ya mila za watu, uliza kwanza, usipande tu kwa kuwa hukuona uzio.

Alafu kuna radi. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na vuli inakuja nayo hiyo hiyo miezi unayotaka kukaa mtini. Wingu jeusi likianza kujipanga, shuka. Sio "nasubiri kidogo", shuka.

Ukiamua kupanda, basi usigongelee misumari mti wa watu, funga mbao kwa manila, na funga kabla ya msimu, sio alfajiri ile ile. Mkanda wa usalama wa mwili mzima uuvae kuanzia mguu unatoka chini, maana wale Wamarekani ajali zao nyingi za majukwaani ni za kuanguka, na wengi wanaanguka wakati wa kupanda na kushuka, sio wakati wamekaa. Kamera ipande kwa kamba yake peke yake baada yako. Ngazi ya mbao inalia, viungio vifunge na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vitanyamaza.

Kibanda cha chini

Hapa ndo mimi nilipo na sioni aibu kupendelea. Mirunda minne, shedineti ya kijani ile ya wakulima wa mboga, kamba, na matete ya hapo hapo ya kuvalisha nje. Mita moja na nusu kwa moja na nusu inatosha mtu na begi, urefu mita 1.6 hivi, hutakiwi kusimama humo. Ndani weka kaniki upande wa nyuma, hilo watu wanalisahau sana, wanaziba mbele vizuuri alafu mwanga unapenya kutoka nyuma na mnyama anaona kivuli cha kichwa kinahama ndani ya wavu. Dirisha liwe usawa wa jicho lako ukiwa umekaa kwenye kigoda, na liwe dogo, mdomo wa lensi na nafasi kidogo pembeni.

Usikijenge siku moja. Wiki ya kwanza simika mirunda peke yake, ya pili weka wavu, ya tatu matete, alafu kiache. Ndege wanazoea kitu kinachokua taratibu, wakikuta nyumba imeota ghafla wanahamia ng'ambo.

Njia sasa. Iingilie nyuma, isiwe imenyooka, iwe na kona moja karibu na mwisho ili mlango ukifunguka kusiwe na mstari wa wazi mpaka kwenye maji. Fyeka kwa upana wa mabega yako tu, ondoa majani makavu na vijiti, na matawi ya juu yakatie usawa wa kofia, sio usawa wa kiuno, maana unatembea na tripodi begani. Hatua za mwisho kama mita 30 hivi zifagie kabisa na fagio la chelewa. Fanya hayo mchana, saa 6 saa 7 hivi jua kali, wanyama wengi wamelala kivulini, usifanye jioni wakati ndo wanatoka.

Kabla hujasimika chochote angalia njia ya kiboko. Utaitambua, ni kama handaki kwenye matete, chini kuna mifereji miwili sambamba na katikati pameinuka, kwa sababu miguu yake ya kushoto na kulia iko mbali, na pembeni vichaka vimepakwa mavi. Hapo usijenge, usikae, usipite alfajiri. Kiboko anayerudi majini akikukuta katikati yake na maji hana mjadala.

Na maji yenyewe usiyakanyage miguu mitupu ili ufupishe njia. Kichocho kimejaa ukanda huu, vimelea vinatoka kwenye konokono vinaingia kupitia ngozi, dakika chache tu majini zinatosha. Gambuti, na kama njia haiwezekani bila kuzama mpaka magotini basi hiyo sio njia.

Kuna na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo usije ukamwaga zege au kuweka mabati, hata kama shamba ni la babu. Kibanda chako kiwe cha kung'oa na kubeba. Hii peke yake inaua lile wazo la "kajengo kazuri ka kudumu" ambalo kila mtu analo kichwani.

Na ukaage. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa ajue, na sungusungu wajue, mtu anayetembea kwenye matete saa 11 alfajiri na begi mgongoni hana maelezo yanayoaminika haraka. Ukienda kwa mzee wa eneo, anza na mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kaa chini, eleza polepole. Baada ya hapo maongezi yenyewe huwa hivi:

"Mzee shikamoo."
"Marahaba kijana wangu, unatafuta nini kwenye matete?"
"Nataka kupiga picha pongo na ndege, nitakuwa nakuja alfajiri."
"Pongo? Umekuja na mbwa?"
"Hapana mzee, kamera tu."
"Basi usipite upande wa kisima, mama zako wanaamka mapema watakupigia yowe."

Na hilo la kisima kumbe ndo njia pongo anayoikwepa pia, maana wazee hawa wanajua mnyama anatokea wapi kuliko kitabu chochote.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia, hapo ndo wengi wanaharibu. Umekaa mpaka giza, mbele yako kuna wanyama wanakula, ukifungua mlango wote wanajua kibanda kina mtu na kesho hawaji. Wawindaji wa Marekani huwa wanaita mtu aje na gari au trekta, mnyama anaondoka kwa kuogopa gari, sio kwa kuogopa kile kijukwaa. Kwetu ni rahisi zaidi, panga na kijana wa ng'ombe apitishe kundi pale muda mliokubaliana, wanyama wanasogea taratibu bila taharuki, unatoka nyuma ya ng'ombe. Kwa ndege kuna ujanja mwingine, ingieni wawili, mmoja atoke aondoke waziwazi, wengi wanaona mtu kaondoka wanarudi.

Mtumbwi

Kwa alfajiri mtumbwi unawashinda wote, na sababu nimeshaisema, upepo unatoka nchi kavu unakuja kwako. Tena ndege wameshawazoea wavuvi, mtumbwi wenye mtu mwenye kofia ya majani na wavu umelundikwa mbele hauwashtui, ila ukivaa koti la ajabu ukasimama na lensi nyeupe wanaruka. Kwa hiyo kaa umbo la mvuvi, inama, lensi ifunike na kitambaa. Kasia ziwe za kuchovya bila kugonga ubavu, na sehemu ya mwisho mwenye mtumbwi atumie pondo, au mwachie maji yawasogeze. Injini izimwe mbali.

Tripodi humo sahau. Beba mfuko wa maharage, mfuko wa kitambaa wa kilo 2 hivi, uweke juu ya ubavu wa mtumbwi, lensi ilale hapo, spidi ya kamera ipandishe.

Ila una mipaka. Saa 5 upepo ukishageuka mawimbi yanaanza na umekwisha, kuanzia hapo ni kurudi. Magugumaji nayo yanahama na upepo, leo ghuba iko wazi kesho imezibwa, na kusukuma mtumbwi ndani ya magugumaji unapiga kelele na unapoteza asubuhi nzima. Laifu jaketi uvae, sio uikalie. Sehemu yenye mamba au kiboko usikae karibu na matete, na hilo mwenye mtumbwi ndo anajua, mlipe vizuri na umsikilize. Pia pita kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wajue upo, alfajiri ndo mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zake, na mtu asiyejulikana anayezunguka karibu na nyavu za watu anahesabiwa mwizi.

Mavazi, kwa kifupi tu maana watu wanaagiza vitu mtandaoni: zile nguo za mabakamabaka za wawindaji wa kule usivae. Nguo zinazofanana na sare za jeshi raia haruhusiwi, 2023 JWTZ waliwapa raia siku 7 wasalimishe, na maelezo ya "ni za kuwindia picha" hayatakusaidia barabarani. Nenda soko la Mlango Mmoja kwenye mitumba, tafuta shati la kaki au kijani kilichopauka, suruali ya udongo, imeisha. Bluu iliyokolea na nyeusi ziache kama unakwenda sehemu yenye mbung'o, rangi hizo zinawavuta.

Kwa hiyo uchague nini

Kama una pongo kwenye shamba la ukoo na unaweza kwenda jioni, kibanda cha chini upande wa nchi kavu, mita 25 hivi kutoka anapotokea, usifikirie mara mbili. Kama unapenda ndege wa majini na unaamka mapema, usijenge chochote, hela ya mirunda mlipe mwenye mtumbwi asubuhi kadhaa. Jukwaa liache mpaka uwe umelijua eneo kwa msimu mzima na ukaona kweli mafunjo yanakuzuia, na hata hapo lisizidi mita 3, hakuna haja ya kushindana na Wamarekani.

Kwenye hifadhi hayo yote hayapo mikononi mwako. Huwezi kujenga wala kukata tawi, unatembea na askari au mwongozaji, na kilichobaki ni upepo na miguu yako. Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ndo kwa nzohe, yule mwenye kwato ndefu zinazotanuka kwenye tope na akihisi hatari anazama majini anaacha pua tu nje, kwa hiyo pale boti ya alfajiri ndo jibu, mwambie mwongozaji mapema unataka matete ya upande ambao upepo unatoka huko unawajia ninyi kwenye boti. Kwenda siku hizi kumerahisika, Daraja la JP Magufuli la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kivuko hakikushikilii tena, unashika Geita unakwenda Nkome au unapitiliza mpaka Muganza unapanda boti.

Ila kabla ya kwenda mbali au kununua hata mita moja ya shedineti, nenda Saanane, boti ni dakika chache tu kutoka mjini. Pale palianza kama bustani ya wanyama 1964, pakawa hifadhi ya taifa 2013, na swala pala na pimbi wameshazoea watu kiasi, sehemu nzuri ya kujifunza. Nenda na kichupa chako cha majivu, mwombe mwongozaji mkae sehemu moja lisaa lizima bila kuhama, uone kama mgongo na mbu vinakuruhusu. Ukishindwa lisaa kwenye jiwe lenye kivuli, manne ndani ya kibanda huyawezi, nunua darubini utembee.